Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Wazee wetu walituachia methali isemayo: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake yajulikana. Mzigo ulio kichwani pa mtu mwingine huonekana mwepesi, hata ikiwa ndani yake mna mawe. Leo nataka kuwaeleza habari za mzigo mmoja ambao wengi wenu mmeuona ukipita mbele ya macho yenu bila kuuliza uzito wake. Ni mzigo wa watu wanaowauguza wagonjwa wa kansa, ugonjwa ambao wengine huuita saratani.

Mgonjwa wa kansa twamhurumia, na ndivyo ipasavyo. Jamaa zake twawapelekea unga na kuni, twakaa nao matangani, twawafuta machozi. Lakini mwuguzi aliyemwosha mgonjwa yule vidonda kwa miezi miwili, nani humpa pole? Mgonjwa akiisha kufa, mwuguzi humfunika uso, hunawa mikono, hutandika shuka nyingine, kisha huenda kwenye kitanda cha pili, ambako mtu mwingine anamngoja. Watu wakimwona hivyo husema: "Huyo amekwisha zoea."

Neno hilo ndilo nitakalo kulijibu. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini katika nchi ya Fizi, ufukoni huko Baraka na juu milimani pia. Sijamwona bado mtu aliyezoea vifo. Nimewaona waliovumilia kwa sababu walikuwa na wenzao, na nimewaona waliovunjika kwa sababu walikuwa peke yao.

UGONJWA UFIKAO UMECHELEWA

Wasiojua kwetu yafaa nieleze kidogo. Baraka ni mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na rasi ya Ubwari. Mji wa Fizi wenyewe uko milimani. Watu wetu ni wavuvi, wakulima wa mihogo na wachuuzi. Tangu mwaka 1996 vita vimetusumbua mara nyingi. Maelfu ya watu walivuka ziwa kukimbilia Kigoma, wakaishi kambini Nyarugusu. Wengi wao walirudi kwa meli kuanzia mwaka 2005. Mwaka 2015 tukapokea sisi wakimbizi kutoka Burundi, wakapewa mahali huko Lusenda. Kwa hiyo chumba cha kungojea cha hospitali zetu hujaa watu wa kila namna, na kila asubuhi malaria, kipindupindu, surua na akina mama waliopatwa na utungu hutangulia mbele ya mengine yote.

Kansa haitangulii. Huja polepole, kama mtu aingiaye kwa mlango wa nyuma. Uvimbe usiouma haumwamshi mtu usiku. Mama akiugusa uvimbe katika titi lake, kwanza hunyamaza kwa haya. Baadaye hujaribu mizizi. Kisha watu wa nyumbani huanza kunong'ona kwamba ametupiwa kitu na adui. Kisha hutafutwa nauli, nayo hupatikana baada ya mavuno. Siku afikapo mbele yetu, uvimbe umekwisha kuwa donda, na donda limekwisha kutoa harufu.

Matibabu makubwa ya kansa ni matatu: kupasuliwa, kupewa dawa kali ziuazo chembe za ugonjwa, na kuchomwa kwa mionzi. Katika nchi ya Fizi hatuna mashine ya mionzi. Atakaye kutafuta matibabu makubwa hana budi kusafiri. Akielekea kaskazini, atapita Uvira hadi Bukavu, iliko hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999. Akielekea mashariki, atavuka ziwa hadi Kigoma, kisha ataendelea kwa nchi kavu hadi Mwanza, kwenye hospitali ya Bugando. Safari zote mbili zataka fedha ambazo mvuvi hana. Tena vita havikuturahisishia mambo. Mwezi wa Februari 2025 mji wa Bukavu ulitekwa na waasi wa M23, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo mapigano yakafika Uvira. Njia iliyokuwa ndefu ikazidi urefu.

Basi kazi inayobaki mikononi mwetu ni ipi? Ni kuutambua ugonjwa, kumwambia mgonjwa ukweli, kumwosha donda, kumpunguzia maumivu, na kumsindikiza. Kazi hiyo haihitaji mashine. Chombo chake ni moyo wa mtu, na chombo hicho nacho huchakaa.

BINTI ALIYEACHA KUSALIMU

Miaka kadhaa iliyopita, katika zahanati moja iliyo kando ya ziwa, alikuwapo mwuguzi kijana, mwanamke hodari wa kazi. Jina lake sitalitaja. Alikuwa na desturi ya kuimba taratibu anapopanga dawa asubuhi, hata wagonjwa walijua kwa sauti yake kwamba kumekucha.

Siku moja aliletwa mama mmoja kutoka Ubwari kwa mtumbwi. Alikuwa na donda la titi lililokwisha kuenea mpaka kwapani. Mkubwa wa zahanati alimtazama kwa muda mfupi, akamwambia binti yule: "Mwambie wewe." Kisha akaenda zake. Basi binti akamwambia mama habari ile akiwa peke yake, wamesimama ukumbini, watu wakipita na ndoo zao.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Mwanangu, mihogo niliyoipanda juzi, ni mimi nitakayeing'oa?"

Kila mkulima ajua kwamba muhogo hukaa ardhini mwaka mzima au zaidi. Binti alijua hesabu hiyo, naye alijua pia kwamba mama anaijua. Hakuwa na la kujibu. Alimshika mkono tu.

Kwa majuma saba binti yule alimwosha mama donda kila siku. Jamaa walioogopa harufu walikaa nje, lakini yeye aliingia. Mama akampenda, akawa anamwekea ndagala wachache kila mara aliporudi mtu kutoka Ubwari. Akafariki alfajiri ya Jumapili. Saa sita mchana binti alikuwa akiwadunga watoto sindano, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza neno.

Baada ya siku hizo tukaona mambo mapya. Kwanza aliacha kuimba. Kisha akaacha kusalimu. Akawa anachelewa kufika, na afikapo ulimi wake ulikuwa mkali kwa wagonjwa. Mzee mmoja akalalamika: "Mtoto huyu ana kiburi." Mkubwa wa zahanati akamwandikia barua ya onyo.

Jioni moja tulipokuwa tukifunga milango aliniambia: "Yaya," maana ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu huku kwetu, "nimefikiri niiache kazi hii, nikauze ndagala sokoni. Ndagala hawaniulizi kitu."

Aliyetufumbua macho hakuwa daktari. Alikuwa mama mzee aliyefagia vyumba vya zahanati, mjane asiyejua kusoma. Aliposikia habari ya barua ya onyo alisema: "Huyu hana kiburi. Huyu ana msiba, na hakuna aliyekaa naye matanga."

Maneno hayo yalituchoma. Jumamosi iliyofuata tukakaa chini ya mwembe nyuma ya zahanati: wauguzi watatu, mfagiaji, na mlinzi wa usiku. Tulikunywa chai. Mfagiaji akaanza kumkumbuka marehemu, jinsi alivyokuwa akidai jamvi lake lielekezwe upande wa ziwa. Mlinzi akasema kwamba usiku ule wa mwisho alisikia kilio chake, akashindwa kula chakula alicholetewa. Binti akasikiliza, kisha akalia kwa muda mrefu, nasi hatukumnyamazisha. Alipomaliza alisema neno moja tu: "Nilifikiri ni mimi peke yangu."

Tangu siku ile tulikaa chini ya mwembe kila juma, na binti hakwenda kuuza ndagala. Wimbo wake ulirudi baada ya miezi, nusu nusu. Sitaki mfikiri kwamba chai iliponya kila kitu. Mshahara uliendelea kukawia, na glovu ziliendelea kupungua. Lakini mtu aliyekuwa akizama alipata mahali pa kushika.

SI UVIVU, WALA SI MOYO MWEPESI

Jambo lililompata binti yule lina jina, na wataalamu wamelichunguza kwa muda mrefu. Mwaka 1974 Daktari Herbert Freudenberger wa New York, aliyefanya kazi katika zahanati iliyowatibu watu bure, aliandika habari za wafanyakazi wenzake waliokuwa wameingia kazini kwa bidii kubwa, kisha wakawa kama jiko ambalo kuni zimekwisha na majivu tu yamebaki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili tatu za uchovu huo. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni kujitenga na kazi kwa moyo, hata mtu akawaona watu anaowahudumia kama mizigo au akawadharau. Ya tatu ni kuona kwamba kazi yake haifai tena kitu.

Mwaona? Ukali wa ulimi, ambao mzee yule aliuita kiburi, ni dalili ya pili. Angalieni pia neno jingine la Shirika hilo. Linasema uchovu huo watokana na mateso ya kazi yaliyodumu bila kutengenezwa. Haliuiti ugonjwa wa mtu, bali jambo la mahali pa kazi. Kwa hiyo ni kosa kumwambia mwuguzi, "Jikaze," tukaiacha kazi yenyewe kama ilivyo. Ukiona ngalawa inavuja, hutamwonya tu yule achotaye maji, utaitafuta tundu.

Na matundu ni mengi. Liko lile la wachache kufanya kazi ya wengi. Liko lile la kuijua dawa impasayo mgonjwa na kuwa huna. Nadhani hilo ndilo linalouma kuliko yote, kwa kuwa mtu hujiona mwongo mbele ya mgonjwa wake. Liko lile la wakubwa kuyaacha maneno mazito mikononi mwa wadogo. Na kwetu Kivu ya Kusini liko tundu la hofu. Mwezi wa Oktoba 1996 watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Lemera, wakawaua wagonjwa vitandani na wauguzi wao pamoja. Mwezi wa Desemba 2020 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, ambalo lilikuwa limewatibu watu wetu kwa miaka mingi, lilitangaza kwamba linapunguza sana kazi yake katika nchi ya Fizi kwa sababu ya kushambuliwa kwa watu wake. Mtu afanyaye kazi katika hali kama hiyo hubeba mambo mawili: maumivu ya mgonjwa, na swali la kama yeye mwenyewe atafika nyumbani.

MFANO KUTOKA UGANDA

Huenda mmoja wenu atasema: "Huko Baraka hamna hospitali ya kansa, mwatufundisha nini?" Basi twende Uganda, ambako matibabu ya kansa yana historia ndefu.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago mjini Kampala, aliandika habari za uvimbe mkubwa wa taya uliowapata watoto wa Afrika. Ugonjwa huo hata leo waitwa kwa jina lake. Lakini sikilizeni jinsi alivyofanya kazi. Mwaka 1961 alianza safari na madaktari wawili, Ted Williams wa hospitali ya misioni ya Kuluva na Cliff Nelson, katika gari kuukuu. Walizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati maili zipatazo elfu kumi kwa majuma kumi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine, wakiuliza: "Mmewaona watoto wa namna hii?" Kwa majibu ya wauguzi na madaktari wengi wasiojulikana majina, wakachora ramani ya ugonjwa. Burkitt alikuwa na jicho moja tu, maana jingine lilipotea utotoni. Kwa jicho hilo moja aliona mbali, kwa sababu aliazima macho ya wengine.

Mwaka 1967 ikafunguliwa huko Mulago nyumba ya kutibu kansa, ambayo sasa ni Taasisi ya Kansa ya Uganda. Katika miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, wageni waliondoka, na Daktari Charles Olweny akashika uongozi. Baada yake Daktari Edward Katongole-Mbidde aliilinda nyumba hiyo katika miaka migumu. Daktari Jackson Orem, aliyeshika uongozi mwaka 2004, kwa muda fulani alikuwa bingwa pekee wa kansa aliyebaki katika nchi yenye mamilioni ya watu. Twawaheshimu watu hao. Lakini je, hata mmoja wao angetaka kijana wake aishi hivyo? Ndiyo maana chini ya Orem Taasisi ilishughulika kufundisha wengine. Shujaa aliye peke yake huilinda taa isizimike. Kuangaza nyumba nzima kwahitaji taa nyingi.

Mwaka 2016 mashine ya pekee ya mionzi nchini Uganda iliharibika kabisa, na zaidi ya mwaka mmoja ulipita kabla ya mashine mpya kuanza kazi. Fikirini mwuguzi wa mlangoni aliyetakiwa kuwaambia watu waliouza ng'ombe ili wapate nauli kwamba mashine imekufa. Mashine iliharibika mara moja. Yeye alitakiwa kuitangaza habari hiyo kila asubuhi.

Uganda yatupa pia mfano wa faraja. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, aliyefariki mwaka 2025, alianzisha huko kazi ya kuwatuliza wagonjwa ambao ugonjwa wao haukuwezekana kuponywa. Walipewa mofini ya kunywa, dawa ya maji isiyo ya gharama kubwa. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika dawa hiyo wenyewe. Ijapokuwa jambo hilo laonekana dogo, ni kubwa sana. Mwuguzi aliye kijijini, ambaye zamani alisikiliza kilio na kungoja daktari asiyekuja, alipewa uwezo wa kukijibu. Hakuna kinachompa mwuguzi raha kama kuona mgonjwa wake amelala.

Nchini Rwanda, huko Butaro, kituo cha kansa kilipofunguliwa mwaka 2012 wagonjwa walitibiwa na madaktari wa kawaida na wauguzi, wakiongozwa kutoka mbali na mabingwa wa Boston, Marekani. Hawakungoja mpaka bingwa ahamie kijijini. Walipeana maarifa, kila mmoja akijua la kufanya na wa kumwuliza.

TUJIFUNZE KWA WAVUVI

Lakini kwa nini tutafute walimu mbali? Tushuke ufukoni Baraka wakati wa machweo. Wavuvi wa ndagala hufunga mitumbwi yao pamoja kwa miti, huwasha taa juu ya maji, hushusha wavu chini ya mwanga, kisha humngoja samaki. Saa ya kuvuta ikifika, wote huvuta kwa wimbo mmoja. Anayeangalia taa havuti, lakini hakuna amwitaye mvivu, kwa maana bila taa hakuna samaki. Na mbalamwezi ikijaa, taa haiwavuti samaki tena. Basi wavuvi hukaa nchi kavu, hulala, hushona nyavu. Hakuna awaulizaye kwa nini wamepumzika. Wavu usioshonwa hautaleta kitu.

Kutokana na hayo, na kutokana na yale tuliyoyaona chini ya mwembe, nawaandikia wenzangu wa kazi shauri hizi.

Kwanza, habari mbaya isipelekwe na mtu mmoja. Wawe wawili: mmoja aseme, mwingine awepo. Na isisemwe ukumbini. Itafutwe hata pembe moja yenye kiti.

Pili, mgonjwa tuliyemwuguza siku nyingi akifa, tusimame pamoja kwa dakika chache kabla ya kazi nyingine. Atajwe jina. Mwenye neno alitoe.

Tatu, kila juma pawe na saa moja ya kuketi, na waitwe wote: daktari, mwuguzi, mfagiaji, mpishi, mlinzi. Huko Boston mwanasheria mmoja, Kenneth Schwartz, aliyefariki kwa kansa ya mapafu mwaka 1995, aliona jinsi neno la upole la mwuguzi lilivyompa nguvu. Kabla ya kufa akaacha msingi wa kuwasaidia wauguzi na madaktari kuulinda upole huo. Kutokana na kazi hiyo hospitali nyingi zimeanzisha mikutano ambamo watu wa kila cheo husimulia jinsi kazi inavyowagusa moyo. Sisi kwetu twamwita mkutano huo "mwembe." Sharti lake ni moja: siri ya mgonjwa ilindwe, na yasemwayo pale yabaki pale.

Nne, zamu za vidonda vibaya na za usiku zigawanywe. Aliyeosha donda gumu mwezi huu, mwezi ujao apewe chanjo za watoto. Huo ndio mbalamwezi wake, akashone wavu.

Tano, mkubwa wa kazi ajue kwamba heshima yake haipungui akiketi juu ya ubao mmoja na wadogo. Baada ya mkubwa yule wa kwanza alikuja mwingine, naye siku ya pili tu alitukuta chini ya mwembe, akavuta jiwe, akakaa. Hakusema mengi. Lakini siku ile tulijua kwamba akitokea mgonjwa mwingine kama mama wa Ubwari, hatatuambia "Mwambie wewe" na kwenda zake.

Wala wenye mamlaka wasidhani kwamba chai na mazungumzo ni badala ya mshahara. Faraja ya wenzako haijazi chungu. Anayewataka wauguzi wapendane huku amewanyima glovu, dawa za maumivu na haki yao ya mwezi, huyo amewakabidhi kazi aliyopaswa kuifanya yeye.

NA WEWE MSOMAJI

Nanyi baba na mama mnaosoma haya nyumbani, msidhani hamna sehemu katika jambo hili. Mama akiugusa uvimbe, aje siku hiyo, asingoje mavuno. Akitokwa na damu isiyo ya desturi, hasa baada ya kukoma hedhi, aje. Mahali penye mwuguzi aliyefundishwa, kansa ya mlango wa uzazi yaweza kutafutwa kwa kipimo kifanywacho kwa siki tu, na dalili zake za mwanzo zaweza kutibiwa kabla hazijawa kansa. Kila mgonjwa ajaye mapema ni furaha kwa mwuguzi, na furaha hiyo humpa nguvu za kumwuguza yule aliyechelewa.

Mkimpeleka mgonjwa, msimwachie mwuguzi peke yake kwa sababu ya harufu. Kaeni karibu, mshikilieni mkono. Mkimsikia mwuguzi akisema kwa ukali, mwonyeni kwa adabu, maana mgonjwa ana haki ya upole; lakini mwulizeni pia: "Dada, umelala saa ngapi?" Na siku matanga yakiisha, mmoja wa jamaa arudi hospitalini kusema asante. Nimewaona wauguzi wakilia kwa ajili ya asante moja kuliko kwa ajili ya matusi kumi.

Nanyi wanafunzi, najua wako miongoni mwenu wanaotamani vazi jeupe. Ni tamaa nzuri. Jifunzeni sana hesabu na elimu ya mwili, lakini tangu sasa jifunzeni na hili: kumwuliza mwenzako "Umeamkaje?" na kungoja jibu. Mtoto ajuaye kumsaidia mwenzake kubeba ndoo bila kuombwa, huyo amekwisha kuanza kazi ya uuguzi.

Mtume Paulo aliwaambia Wagalatia wabebeane mizigo. Hakusema ipi ni mizito na ipi ni myepesi. Pengine kwa sababu mzigo wa mwenzio huwezi kuujua uzito wake mpaka uweke bega lako chini yake. Basi na tuweke mabega.